Mwiba Usiokuwamo

Kijiji cha Ujamaa, njia ya Kisaka,
Serengeti, Mara.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na kamwene nyote mliouzunguka moto huo. Najua mmeuzunguka, maana huu ndio msimu wa baridi yenu ile ya kuingia kwenye mifupa, ambayo mimi huku nimeanza kuisahau. Mgongo wako unaendeleaje? Mama, kifua kimetulia, au bado anakohoa na kukataa dawa? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima, kwa sababu naandika. Zaidi ya hapo itabidi usikilize hadi mwisho.

Tumaini, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea Baba. Msomee mkiwa wawili tu. Mama akiingia, ruka, umwambie kaka anasema mvua zimenyesha vizuri na pamba imekubali. Wala hutakuwa umesema uongo, mvua zimenyesha.

Baba, kwenye barua yako uliniuliza kama viatu vyako bado vinanisaidia. Ulicheka ulipokuwa ukiuliza, nimekujua hata kwenye maandishi ya Tumaini. Basi leo nitakujibu habari za viatu, na ukiona nazunguka, vumilia, kwa sababu kila kilichonipata huku kimepita kwenye viatu hivyo.

Nakumbuka pale stendi ulivyovivua miguuni mwako, viatu vyeusi vya ngozi vyenye ncha, ulivyovinunua ukifanya kazi kwenye kiwanda cha magome ya miwati ukawa huvivai ila kanisani. Ulisema mtumishi wa serikali hawezi kwenda kuripoti kazini na ndala. Ukarudi nyumbani pekupeku kwenye ule ubaridi. Mguu wangu ni mpana kuliko wako, tulijua wote wawili, lakini ni nani angesema pale? Nikavivaa kila siku. Kwenye mikutano, sokoni, hata kwenye josho katikati ya mavi ya ng'ombe. Huku watu wengi wanatembea pekupeku au na makatambuga ya matairi, kwa hiyo viatu vyangu vilijulikana kuliko jina langu.

Kazi yangu unaijua. Watu hawa wamehamishwa kwenye miji yao waliyokuwa wametawanyika nayo mabondeni, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na ng'ombe wao wote sasa wanaogeshwa dawa ya kupe kwenye josho moja. Mimi ndiye ninayechanganya dawa na kuwapigia kelele. Wananiita Bwana Josho. Jirani yangu ni Chacha, mtu mkubwa wa mwili, mkono wake mmoja unaweza kumshika ndama asitikisike. Mke wake, Bhoke, ndiye aliyekuwa akiniletea ugali. Mdogo wake aliitwa Mwita. Huyo Mwita ndiye alikuwa rafiki yangu. Alikuwa akinitazama ninavyokanyaga, anacheka hadi anakaa chini: "Mura, hivyo viatu vinakula mtu!" Mura ndiyo kijana kwa lugha yao, na ukiitwa hivyo umekubalika.

Na kweli vilikuwa vinanila. Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kilianza kwa wekundu, ukaja ugumu, halafu katikati ya ule ugumu kikaota kiini, kama punje ya mtama iliyopigiliwa kwenye nyama. Sugu, Baba, lakini si zile za mikononi mwako ambazo haziumi. Hii ukiigusa na shuka tu unaona nyota. Bhoke alinipa utomvu wa mnyaa nipake. Utomvu ukaunguza ngozi yote nzuri ya pembeni, ukaiacha sugu imekaa pale inanitazama. Nikapandwa na hasira, nikachukua wembe nikaikata mwenyewe nikidhani nitaung'oa mzizi. Kesho yake mguu ukavimba hadi kwenye kifundo.

Sasa ndiyo uelewe desturi ya huku, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Ng'ombe wakiibwa, mwanamke wa kwanza kuona anapiga yowe. Wa mji unaofuata akisikia anapokea, na wa mbele yake, mpaka nchi nzima inalia. Kila mwanamume anachukua upinde au mkuki anakimbilia kwenye nyayo, na nyayo zinafuatwa zinakokwenda, hata kama ni kuvuka Mto Mara na kutokea Nyamongo. Hakuna kuuliza ng'ombe ni wa nani. Mwanamume anayebaki nyumbani siku ya yowe, huyo anahesabiwa ndiye aliyewafungulia wezi zizi.

Yowe likapigwa alfajiri, mimi mguu umevimba.

Nilitoka, Baba, nisikudanganye. Nilishika fimbo nikafika hadi kwenye josho. Pale nikaanguka, nikajaribu tena, nikaanguka tena, nikarudi chumbani kwa magoti. Mwita alinipita akikimbia na upinde wake, akanipungia mkono. Sikumwona tena akiwa hai.

Walirudi jua likiwa kali. Walikuwa wamemfunga Mwita kwenye fito, mshale umeingia shingoni na kutokea upande wa pili, na nzi wamekwisha kumjua. Ng'ombe walikuwa wamekwenda. Bhoke na wanawake wenzake walijitupa chini, na katikati ya kile kilio nikasikia sauti ya Chacha ikiuliza swali moja tu: "Nani alibaki?"

Mlango wangu hawakuufungua, waliuvunja. Walinivuta nje kwa mguu ule ule mbovu. Fimbo ya kwanza ilinipata mdomoni, ndiyo maana nikija utaona sina jino la mbele. Baada ya hapo sikujua tena ni fimbo au ni rungu au ni teke. Nilisikia ubavu ukivunjika, sauti yake ni kama kijiti kikavu. Nilikuwa nasikia damu yangu ina ladha ya chuma, na nikawa nawaza jambo la kipumbavu kabisa, kwamba viatu vya Baba viko chini ya kitanda na sasa vitachukuliwa. Walikuwa wakiuliza nilipewa nini na wezi. Nikapiga kelele, "Mguu! Tazameni mguu!"

Chacha akawasimamisha. Akaketi juu ya kifua changu, akauvuta mguu, akatazama kile kidole.

"Hii nini?"

"Sugu."

Wakacheka, Baba. Na Mwita amelala pale pale kwenye fito zake, walicheka. Chacha akanionyesha unyayo wake, mgumu kama kwato, umepasukapasuka. "Mwanamume gani anashindwa kukimbia kwa ugumu wa ngozi? Huu wangu je?" Kisha akabonyeza kidole changu kwa kidole gumba. Nikalia kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Akabonyeza tena, akawatazama wenzake.

Watu hawa, maumivu ya mguu wanayoyajua ni ya mwiba. Tangu wakiwa watoto wanachunga kwenye migunga, na mwiba ukivunjikia ndani ngozi inafunga juu yake. Mzee mmoja akasema, "Kuna mwiba humo. Mpasueni. Ukiwemo, hana kosa. Usipokuwemo, mwongo huyo, mmalizeni hapo hapo." Wote wakakubali, wakaona ni haki. Watu wanne wakanishika mikono na miguu, Chacha akachukua ncha ya mshale. Sitakueleza alivyochimba. Nitasema tu kwamba niliomba kwa sauti mwiba uwepo, mimi ambaye nilijua haumo.

Akatoa kile kiini. Kigumu, cheupe kama ukucha, kina ncha kwa chini. Akakiinua juu na damu yake, akawaonyesha.

"Mwiba huu hapa!"

Wakaniachia. Yule aliyenivunja ubavu ndiye aliyeniletea maji. Chacha alikifunga kile kiini kwenye kipande cha kitambaa, akakipeleka nyumbani kwake, akakichomeka kwenye paa pamoja na upinde wa Mwita. Nami sikusema kitu. Wewe ungesema?

Walinibeba hadi zahanati kwenye kitanda cha kamba. Mganga wa pale ni mtu wa maneno mafupi. Alisafisha kidonda, akauliza mwiba uko wapi, nikamweleza. Akavitazama viatu, nilikuwa nimevikumbatia njia nzima, akasema hapakuwa na mwiba wala mzizi. "Ni ngozi yako mwenyewe. Kiatu kinaibana, nayo inajilundika ili ijikinge, mwisho inajichoma yenyewe. Ukichimba inarudi. Ukipaka vitu vikali inarudi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, isugue taratibu na jiwe, zungushia pamba isigusane na kitu. Na hiki kiatu kitoboe au kitupe. Adui yako ni kiatu." Nilimwomba asimwambie mtu. Akanitazama kama anayemtazama kichaa, lakini aliponyamaza alinyamaza kweli.

Nilikaa na wembe na kiatu chako mapajani muda mrefu kuliko nilivyokaa na wembe na mguu wangu. Kisha nikakitoboa, Baba, pembeni, pale kidole kinapokaa. Kasirika ukitaka. Mguu ukaanza kupona. Ikawa nalowesha, nasugua, nazungushia pamba, na hata pale kiini kilipotaka kurudi hakikupata nafasi. Chacha akawa ananiita mura tena. Tukamlilia Mwita pamoja, na tukaogesha ng'ombe waliobaki.

Sasa Tumaini, kama Mama yupo, ruka kweli.

Yowe la pili lilikuja wakati wa kuchuma pamba. Safari hii nilikuwa wa kwanza kutoka, sikungoja kuulizwa. Nilikimbia nao, kidole kimechungulia nje ya kiatu, na moyoni nilikuwa na furaha mbaya, nakiri, ya mtu anayeonekana anakimbia. Nyayo zilishuka upande wa mto. Karibu na kijito, pembeni kidogo ya njia ya ng'ombe, tukamkuta kijana ameketi juu ya jiwe, amevua kiatu kimoja, anaupuliza mguu wake.

Alivaa suruali safi. Alikuwa na mfuko, ndani yake chumvi, sabuni na kanga mpya. Alisimama akatuamkia, "Shikamooni." Alisema ametoka Nyamongo kwenye kazi za kuchimba, anakwenda kwa mama yake, Ringwani. Sauti yake ilitetemeka, lakini yako isingetetemeka, mbele ya mikuki?

"Ng'ombe wamepita hapa," Chacha akasema, "wewe unaangalia mguu?"

"Sijaona ng'ombe, tata. Nimefika sasa hivi. Nachechemea." Tata ndiyo baba kwa lugha yao.

"Umeachwa na wenzako kwa sababu unachechemea."

Rungu la kwanza lilimpata begani akapiga magoti. La pili mgongoni. Nami nikauona mguu. Baba, kilikuwa kidole kile kile cha mwisho, wekundu ule ule, ugumu ule ule, na viatu vyake vyeusi vina ncha kama vyako. Mtu aliyevaa viatu vizuri kwenda kumwona mama yake. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu mguu ule. Nilijua kwamba tangu asubuhi yule asingeweza kumkimbiza hata kuku.

Ningesema ukweli pale. Ningesema, hii ni sugu ya kiatu, hata mimi ilikuwa sugu ya kiatu, hapakuwa na mwiba. Lakini wote waliokuwepo ni wale walionishika mikono na miguu. Kama mimi sikuwa na mwiba, basi mimi ndiye niliyebaki siku aliyouawa Mwita, na rungu liko mkononi mwa kaka yake. Niliogopa. Nikatafuta njia ya katikati, nikaona nimepata akili kubwa sana.

"Mwacheni!" nikasema. "Ana mwiba kama wangu. Mtu mwenye mwiba hawezi kwenda wizini."

Chacha akashusha rungu. Akauvuta mguu wa kijana, akabonyeza, kijana akalia kama nilivyolia. Akaniangalia, akatikisa kichwa kunikubalia. "Sawa. Tumpasue."

Wakamshika. Yule kijana alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemtetea. Chacha akachimba. Sugu yake ilikuwa bado laini, haijakomaa, ikasagika yote kwenye ncha ya mshale, ikatoka damu na maji na damu tena. Akachimba hadi mfupani. Mwiba haukuwemo.

Wanayo desturi kwamba kila aliyekuwepo apige, ili asiwepo mmoja wa kulaumiwa. Chacha alinipa fimbo. Nilipiga ardhi karibu na kichwa chake, vumbi likaruka, na kwa kelele zile hakuna aliyejua. Lakini mwenyewe alijua, jicho lake moja lilikuwa bado linaona. Ilichukua muda, Baba. Mtu kijana hafi haraka. Ng'ombe hatukuwapata. Askari walipokuja kuuliza, kila mtu alisema hakuona, na mimi nikasema sikuona.

Tuliporudi Chacha alinitupia viatu vya yule kijana. "Chukua, vyako umevitoboa." Alinitendea wema, ndivyo alivyoona. Nikiwa peke yangu nilivijaribu, sijui kwa nini. Vinabana pale pale.

Juzi amekuja mama mmoja kutoka Ringwani, kwa miguu. Anapita kijiji hadi kijiji akimwulizia mwanawe, kijana mrefu, ana viatu vyeusi. Kila nyumba wakamwambia hawajamwona. Wakampa uji, wakamwambia pole. Alipofika kwangu nilikuwa nalowesha mguu kwenye beseni. Akanisalimu kwa heshima, akauliza. Chacha alikuwa pale nje anakaza kamba za zizi.

Niliingia ndani nikavitoa. Sikufikiri, Baba, ningefikiri nisingevitoa. Akavipokea, akaingiza mkono ndani ya kimoja hadi mwisho, kama anayetafuta kitu, akakaa chini papo hapo kwenye tope la mlangoni. Hakulia. Akaniuliza, "Mguu wake ulikuwa unamuuma?" Nikamwambia ulikuwa unamuuma. Nikamwambia yote, na Chacha anasikia, pamoja na ule mwiba wangu.

Chacha akaja taratibu. "Kwa hiyo wako haukuwa mwiba."

"Haukuwa mwiba. Wala wake. Ni ngozi tu, Chacha. Ingekuwa ngozi hata kwako kama ungevaa viatu hivi."

Nilingoja anipige. Akaenda kwake. Jana asubuhi amerudi, hana fimbo, macho mekundu. Akafungua kile kitambaa, akaweka kiganjani mwangu kile kiini, kimekauka, kidogo hata huwezi kuamini. Akasema, "Ngozi yako hii. Chukua, uende nayo. Ritongo ni keshokutwa, na mimi nikiulizwa mbele ya watu sitadanganya." Ritongo ndiyo mkutano wao mkubwa wa kuhukumu. Nadhani lile lilikuwa neno la kirafiki, ndilo la mwisho alilokuwa nalo.

Kuna lori la pamba linaondoka kesho kwenda Mwanza. Dereva amesema juu ya magunia kuna nafasi ya mtu mmoja. Nimelipanga begi. Lakini yule mama bado yuko hapa, amelala kwa Bhoke, ndiyo, kwa mke wa Chacha, na ameniomba kitu kimoja. Hataki ng'ombe wa fidia. Anataka mtu asimame kwenye ritongo aseme mwanawe hakuwa mwizi, aseme mbele ya wote, ili amzike kwa jina lake. Mtu wa kusema ni mimi tu. Nimejaribu kutafuta njia ya katikati tena, Baba, na safari hii sikuiona.

Nisalimie Mama sana, mwambie nakula vizuri. Msalimie baba mdogo pale kwenye mashine ya kusaga, na shangazi anayenilaumu kwa kutooa, mwambie ana haki. Mpe salamu mchungaji, na wazee wa kwaya. Tumaini, endelea na shule, na usikubali kuvaa kiatu kinachobana hata kama umepewa na mtu unayempenda. Hili nalisema bila ubaya, Baba. Ulinipa ulichokuwa nacho kizuri kuliko vyote.

Dereva ataifikisha barua hii posta pamoja na furushi. Ndani utakuta viatu vyako, nimevipaka rangi, kile cha kulia utakiona tundu lake. Kwenye lori, ile nafasi yangu imekaliwa na hivyo viatu. Mimi kwenye ritongo nitakwenda pekupeku.

Ni mimi mwanao,
Zakaria